Nguzo Zilizoingia kwa Urahisi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili asitokee wa kunitafutia ushujaa humu ndani. Natengeneza simu na redio barazani kwangu Makole, na mke wangu huwaambia wageni kwamba nikienda dukani kununua sukari, safari hiyo naisimulia wiki nzima. Kwa hiyo dada yangu aliponipigia simu kutoka Makutupora akasema, "Mdogo wangu, njoo ukae huku mpaka nguzo zisimame," nilijua mambo yamekuwa mabaya. Mimi siitwi mpaka wengine wote wamekosekana.

Mambo yenyewe nilikuwa nayajua. Mume wa dada alifariki akamwachia shamba la zabibu na nyumba ndogo pembeni yake. Hawakujaliwa mtoto. Tangu dada atoke eda, ndugu wa mume walikuwa wakipita pale kumsalimia, na kila salamu ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia. Mji unasogea upande ule. Mashamba ya jirani yalishakatwa viwanja, na mahali palipokuwa na mizabibu sasa pana misingi ya matofali inayomsubiri mwenyewe apate saruji. Mwishowe ukoo ukakaa kikao. Kaka mkubwa wa marehemu ndiye aliyesema, na alisema kwa upole kabisa: hakuna anayemfukuza mke wa ndugu yao, ila shamba lisilozaa ni pori tu. Mavuno yanayokuja, ya wakati wa mvua, yakitoka vizuri, dada abaki, azeekee pale. Yasipotoka, litakatwa viwanja kama mengine.

"Huo ndio uamuzi, shemeji," alimalizia, "na wala si wa ubaya."

Dada alijibu kwamba amesikia. Mizabibu yake ilikuwa na afya. Kilichokuwa kinaumwa ni nguzo.

Mzabibu haujui kusimama. Unapandishwa kwenye waya, waya unashikwa na nguzo, na bila nguzo unatambaa chini kama boga na kuozesha matunda yake mwenyewe. Nguzo za shemeji yangu zilikuwa za miti ya porini, za tangu anaoa, na mchwa walikuwa wameshazila zikabaki maganda. Ukigonga moja kwa kidole inalia kama kibuyu. Safu nzima zilikuwa zimeegemeana kama walevi wanaosindikizana nyumbani. Ilibidi zing'olewe zote na kuwekwa mpya kabla mizabibu haijachipua, wakati matawi yameshakatwa na nyaya zimeshushwa. Hapo ndipo panakuwa na nafasi ya kupita.

Kwetu shimo halichimbwi hivihivi. Shamba la dada liko bondeni, udongo ni wa mfinyanzi, na kiangazi mtaimbo ukipiga pale unarudi na kukutetemesha meno. Kwa hiyo watu wote wa huku wanaloweka. Jioni unamwaga maji pale utakapochimba, unafunika na gunia, asubuhi unakuta pamelainika. Choo kinachimbwa hivyo, nguzo ya ua inachimbiwa hivyo. Hata kaburi la shemeji lilichimbwa hivyo; nakumbuka nilivyobeba ndoo siku ile nikiwa nimevaa kanzu. Ni kitu ambacho hakuna anayekufundisha. Unakikuta kwenu.

Lakini mashimo yalikuwa mengi mno na vibarua hawakuwepo, wote wanajenga mjini. Dada akauza mbuzi wake, akaagiza nguzo za mkaratusi zilizopikwa dawa ya mchwa, na nguzo hizo zikaja pamoja na mashine.

Niliiona ikiingia. Ilikuwa tela la magurudumu manne linalovutwa na trekta, na juu yake umesimama mlingoti wa vyuma viwili virefu. Katikati ya vyuma hivyo kinaning'inia chuma kizito kuliko ng'ombe. Injini ya dizeli, ambayo maisha yake ya kwanza ilikuwa ikisaga unga, inazungusha winchi, winchi inapandisha kile chuma mpaka juu, kisha fundi anaachia mkono wa breki na chuma kinashuka juu ya kichwa cha nguzo. Kishindo chake kiliwafanya kuku wa dada wahamie kwa jirani. Watoto wa njia nzima waliifuata, na kabla haijafika getini walishaipa jina. Waliiita Bondia.

Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa Iringa, mnene, mcheshi, amevaa kofia ya sufu katika jua lile. Shemeji mkubwa, yule kaka wa marehemu, alikuwa amekuja kuangalia, na Wahehe wa Iringa ni watani wa kabila lao, basi hawakusalimiana. Walianza moja kwa moja.

"Mke wa ndugu yangu," shemeji alipaza sauti, "Mhehe ameingia, funga mbwa ndani!"

"Aniwekee tu nje," fundi akajibu kutoka juu ya trekta. "Mbwa wenu wamekonda, mtani, hata supu hawatoi."

"Na hiyo ni nini umebeba? Jeneza la kusimama?"

"Hiki ni kibarua. Hakili, halali, hakikai kivulini kusubiri mvua. Nimeona huku hamna wa namna hiyo."

Shemeji alicheka mpaka akashika magoti. Dada naye alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msibani, na kwa dakika hizo chache nilidhani tumeshashinda.

Nguzo ya kwanza ilisimamishwa kwenye udongo mkavu. Bondia akapanda, akashuka. Nguzo ikaruka kidogo, ikatulia palepale ilipokuwa. Akapanda tena, akashuka. Baada ya mapigo kadhaa kichwa cha nguzo kilikuwa kimechanuka kama ufagio, na chini hakuna kilichoingia zaidi ya urefu wa kiganja. Ya pili ilipasuka katikati. Fundi alizima injini, akashuka, akaupiga udongo kwa kisigino.

"Mama," alimwambia dada, "huku mnalima juu ya lami?"

"Hatujaloweka," dada akasema.

"Kuloweka nini?"

Dada akamweleza. Fundi alimwangalia, akaniangalia mimi, akamwangalia shemeji, akidhani ni utani mwingine. Shemeji akatikisa kichwa kwa uzito. "Mtani, hapo mama kasema. Bila maji huku hata mfu haingii."

Mimi nilikubali kwa sauti kubwa. Jirani aliyekuwa uzioni akichungulia alikubali. Hakuna mtu pale aliyewaza tofauti, na fundi, ambaye kwao udongo unachotwa kwa mkono, alisema basi, wenyeji ndio mnaoujua, mimi nakuja keshokutwa.

Siku mbili tukaloweka. Dada alipita mbele na kamba na jembe akiweka alama, mimi nikamfuata na ndoo kutoka kwenye simtanki. Mgongo wangu, ambao kazi yake kubwa ni kuinamia simu, ulilalamika kuanzia safu ya kwanza. Dada hakunihurumia.

"Unabeba ndoo kama bibi harusi anabeba mkoba."

"Dada, mimi nilisoma mpaka kidato cha nne nisije nikafanya kazi hii."

"Na ulipata nini?"

"Divisheni ziro."

"Basi beba."

Kila alama ilipata maji yake mara mbili, tukafunika kwa magunia na nyasi, na asubuhi ya keshokutwa ukikanyaga pale, mguu unazama.

Siku hiyo Bondia alifanya kazi kama harusini. Chuma kilikuwa kikishuka na nguzo inaingia kama kisu kwenye papai lililoiva. Pigo moja, mbili, tatu, imekwisha, trekta linasogea. Fundi aliimba. Alisema kama angejua habari za maji mapema, huko kote alikopita asingechosha injini. Safu moja ilinyooka, ikafuata nyingine, nguzo zimepangana sawasawa mpaka ukisimama mwanzoni unaona moja tu. Jioni dada alipiga kigelegele peke yake katikati ya shamba. Shemeji alipita, akashika nguzo mbili tatu akazitikisa. Hazikutikisika. Akasema, "Haya, mke wa ndugu yangu. Umesimama."

Nikarudi Makole na malengelenge yangu, nikayaonyesha barazani kwa kila mteja.

Nilivyoelewa baadaye, na kuelewa kwangu siku zote kunakuja nguo zikishakauka, ni hivi. Shimo unalochimba kwa mkono, hata kama umeloweka, ukishaweka nguzo unarudishia udongo mkavu, unatia mawe, unashindilia kwa mtaimbo mpaka jasho. Kinachoshika nguzo ni kule kushindilia. Nguzo inayopigiliwa kwa mashine haina wa kuishindilia. Inashikwa na udongo uleule unaoikataa, na sisi udongo ule tulikuwa tumeubembeleza ukaacha kukataa. Mfinyanzi ukinywa maji unavimba, ukikauka unanywea. Tulizipigilia nguzo kwenye udongo uliovimba, na jua la Dodoma lilikuwa juu yetu linasubiri.

Kabla ya mvua dada alipiga simu. Alikuwa ameshatundika nyaya, mizabibu imechipua vizuri na kuanza kushika waya kwa vile vidole vyake.

"Kila nguzo imejichorea duara," alisema.

"Duara gani?"

"Ufa. Umezunguka nguzo. Naingiza kidole."

Nilimwambia asiingize kidole, kuna nge. Ndio mchango wangu mkubwa wa kitaalamu katika jambo hili lote. Kisha nikampigia fundi. Alipokea akiwa kwenye kelele, alikuwa amekodiwa kuweka uzio mahali mbali, na alisikitika kweli. Sauti ya mtu anayesikitika unaijua. Alisema angekuja, lakini aje kufanya nini? Nyaya zimeshatundikwa, matawi yameshatambaa. Tela linataka nafasi ya safu tupu. "Bondia akiingia hapo sasa, kaka, anakanyaga vyote. Labda mvunje kila kitu muanze upya."

Kuanza upya maana yake kukata machipukizi, na kukata machipukizi maana yake hakuna mavuno ya wakati wa mvua. Dada alilijua hilo kabla sijamaliza kumweleza.

"Tutapiga kabari," akasema.

Kwa hiyo nikarudi. Mke wangu alinifungashia begi akisema siku hizi nimekuwa mtalii. Tulivunja matofali, tukachonga vipande vya mti, tukavigongelea kwenye zile nyufa, nguzo moja baada ya nyingine, tukajaza changarawe na kushindilia kwa fimbo ya chuma. Niligonga dole gumba langu mara nyingi kuliko kabari. Nguzo ukiishika baada ya kazi hiyo ilikuwa inatulia, na ukiisukuma kwa nguvu unasikia ndani, chini kabisa, kitu kinacheza kama jino la mtoto. Sikumwambia dada. Yeye alikuwa anazishika hizohizo nguzo, naye hakuniambia.

Mvua ikaja. Nyufa zikafumba, na tuliambizana kwenye simu kwamba Mungu mkubwa. Vichala vikatoka, vikajaza, vikaanza kubadili rangi. Dada alinitumia picha mpaka simu yangu ikakosa nafasi. Sijawahi kuona mizabibu ikizaa vile. Watu walisimama njiani kuangalia. Hata shemeji alimpigia kumpongeza, na akasema sasa hilo ni shamba. Sisi wawili tuliona vile vichala kwa macho mengine. Kila kimoja kilikuwa na uzito wake, na uzito wote ulikuwa unaning'inia kwenye nguzo zilizosimama ndani ya uji.

"Zikizidi kuzaa hivi zitaanguka," dada aliniambia siku moja. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mkulima akiomba shamba lipunguze.

Niliitwa mara ya tatu wiki ya kuvuna. Mnunuzi wa kiwanda cha mvinyo alikuwa ameshapima utamu akasema bado siku chache, zivunwe Jumatatu. Ilikuwa mchana wa Ijumaa, nimetoka msikitini, tumekaa kibarazani tunasugua makreti. Upepo ulitokea upande wa vilima na harufu ya mvua. Haukuwa upepo wa kuezua mapaa. Kanga ya dada ilipeperuka kidogo, akaikamata bila kuacha kusugua.

Safu ya juu kabisa ikaanza kuinama. Iliinama taratibu, yote kwa pamoja, kama watu wanaokwenda rukuu, ikasita hapo kana kwamba inangoja imamu, kisha ikaenda chini kusujudu. Waya ulilia. Ya pili ikafuata, kisha ya tatu. Hazikuvunjika. Mkaratusi ule ulikuwa mzuri, dawa ilikuwa nzuri, hakuna nguzo hata moja iliyovunjika. Zililala tu, na matunda yote chini yake, ndipo mvua ikaanza.

Dada aliingia ndani, akatoka amevaa buti za marehemu, akaenda mpaka safu ya kwanza. Akashika nguzo iliyolala kwa mikono miwili kuiinua. Ikatoka yote, mpaka ncha, kama karoti. Akasimama nayo, hajui pa kuiweka. Nami nilisimama nyuma yake na kreti tupu, nimelifunika kichwani kwa ajili ya mvua, na ukinitazama ungesema nimekuja kuuza mayai.

Jumamosi na Jumapili tuliokota tulivyoweza. Vichala vilivyolalia tope huwa vinapasuka, na kilichopasuka kinaanza kuchacha siku hiyohiyo. Shamba zima lilinuka kilabu, nyuki wakaja, nzi wakaja. Mnunuzi alikuja Jumatatu kama alivyosema. Alikuwa kijana mwenye adabu, alisema shikamoo mama, akachukua kichala kimoja kutoka kreti la juu, akakigeuza, akakirudisha polepole.

"Mama, pole sana. Hizi hazifai hata siki."

Tulizigawa kwa wenye nguruwe. Dada, Muislamu wa kuzaliwa, alisimama getini akiwapimia kwa ndoo na kuwaombea baraka.

Ukoo ulikaa wiki iliyofuata, palepale kibarazani, juu ya makreti yaliyogeuzwa kuwa viti. Mimi nilikaa upande wa dada, upande ambao nilikuwa peke yangu. Shemeji mkubwa alijaribu kuanza kwa mzaha, alisema yule Mhehe angekuwepo leo angelipa faini ya mbuzi, lakini hakuna aliyecheka na yeye mwenyewe akaangalia chini. Nadhani alikuwa amependa kweli lile shamba lisimame. Lakini alishatoa neno mbele ya wadogo zake, na wadogo zake walikuwa wameshazungumza na wapima viwanja.

Mmoja wao akasema ni mapenzi ya Mungu.

"Mungu hakuloweka," dada akasema.

Nilitaka kusema kwamba tuliloweka wote, na kwamba hata wao pale wangeloweka. Lakini niliona halisaidii kitu. Kila mmoja alikuwa analijua. Shemeji alikuwa amesimama palepale siku ile akitikisa kichwa kwa uzito. Kosa likiwa la watu wote linabaki kwa mwenye shamba.

Shemeji akamuuliza kama ana la kusema kabla hawajafunga.

"Nipeni muda nipogoe."

Wakatazamana. "Upogoe nini, shemeji? Greda linakuja kung'oa."

"Mizabibu imemaliza kuzaa. Ikimaliza kuzaa inapogolewa."

"Lakini shemeji..."

"Siwezi kuiacha hivi."

Walimpa wiki moja. Nadhani walimpa kwa sababu hakuna aliyejua jinsi ya kumnyima kitu cha namna ile. Nyumba alikubali kuiacha bila neno. Angehamia kwangu Makole; chumba chake mke wangu alishakifagia, na kitanda tumeshakitengeneza mguu.

Basi wiki hiyo tulipogoa shamba linalokwenda kung'olewa. Kazi yenyewe haifanyiki mizabibu ikiwa imelala, maana mkasi haufiki kwenye shina, kwa hiyo mimi niliingia chini ya waya, nikaweka bega, nikainua nguzo na uzito wake wote mpaka dada akafika penye jicho la chipukizi analotaka kukata. Alikuwa anachagua. Alikuwa anahesabu macho, anaacha mawili, anakata kwa mshazari kama alivyofundishwa na mumewe, kana kwamba mwaka ujao kuna mtu atakuja kuyatazama.

Siku ya pili nilichoka nikamuuliza. "Dada, hivi tunafanya nini?"

"Unateremka. Inua bega."

"Nimechoka."

"Nguzo haichoki."

"Zako zilichoka."

Alisimamisha mkasi. Nilidhani nimeharibu, nikaanza kutafuta neno la kuomba radhi. Lakini mdomo wake ulicheza kidogo, upande mmoja, kisha ukaacha. Akafuta uso kwa mkono wa gauni, akarudi kwenye tawi.

Niliinua bega. Alikata, akaenda kwenye mzabibu unaofuata, nami nikaenda kwenye nguzo inayofuata.